Usianze na Rangi: Kitrekta Kuukuu Kilichonitia Adabu

Ujumbe umenikuta nywele bado zina majani. Msomaji wa Wete ananiandikia: "Assalaam alaykum kaka. Kuna mtu anauza kitrekta cha zamani cha kukatia majani, laki nane, injini imekwama. Nichukue?"

Nilikuwa ndiyo kwanza narudi kutoka uwanja wa skuli, hapa kwetu Dole. Masika ya mwaka huu hayakufanya mchezo, majani yalifika magotini na watoto wakawa wanacheza mpira wasiouona. Kazi ambayo vijana kumi wenye mafyekeo huila siku mbili, mie nimeimaliza baina ya alasiri na magharibi, peke yangu, nimekaa kitako. Mwalimu mkuu amenipa mkungu wa ndizi. Nimerudi nao nyuma kwenye tela, napunga mkono kama niko kwenye gwaride. Ndiyo, najisifu. Ungejua nilikotoka ungeniacha nijisifu.

Miaka minne nyuma nilikwenda upande wa mashariki, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, kununua vitanda. Vitanda nikavikuta vimeliwa. Lakini nyuma ya jiko, chini ya mti wa mkungu, kulikuwa na kitu cha njano na cheupe kimekaa kwa unyonge, magurudumu hayana upepo, kuku ametagia kwenye kiti. Cub Cadet, muundo wa 100. Hawa ni watoto wa International Harvester ya Marekani, walianza kutoka mwaka 1961, na hiki changu ni cha miaka ya katikati ya 1960. Injini ya Kohler, silinda moja, nguvu za farasi 10. Gurudumu halivutwi kwa mkanda kama mashine za siku hizi zinazouzwa madukani. Kuna shafti ya chuma inatoka kwenye injini mpaka kwenye gia. Niliinama nikaitazama ile shafti, nikasahau vitanda.

Milioni moja na laki mbili. Pesa za vitanda.

Mke wangu hakusema neno, na anayemjua anajua hiyo ni mbaya kuliko maneno. Shemeji yangu ndiye aliyesema. Alikizunguka mara moja, mikono nyuma, akauliza: "Umekinunua kilo ngapi?" Watu walicheka mpaka barabarani. Lile swali nimelibeba miaka minne, na nikisema nimesamehe nitakuwa mwongo.

Kwa hasira nikataka kiwe kizuri haraka. Hapo ndipo kosa langu la kwanza, na ndilo ninaloliona kwa kila anayenitumia picha. Nilianza na rangi. Nilikwangua kutu, nikanunua makopo, nikapaka njano, nikapaka nyeupe, nikapaka mpaka pale waya wa hasi wa betri unapobana kwenye chasisi. Kikang'aa. Nikafunga betri mpya ya volti 12, nikazungusha ufunguo: tik. Nikazungusha tena: tik. Majirani wamesimama uani na simu zao.

Rangi haipitishi umeme. Leo naliandika hilo kwa wepisi, lakini siku ile sikulijua, nikakipakia kwenye gari nikakipeleka gereji moja mjini ambayo sitaitaja. Wakanambia stata imekufa. Kwenye trekta hizi stata na jenereta ni kitu kimoja: inawasha injini kwa mkanda, halafu injini ikishawaka yenyewe inageuka kuchaji betri. "Lazima isukwe upya," wakasema. Laki na themanini. Wiki saba nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, kila Jumamosi naambiwa Jumamosi.

Kikawaka, nisiwanyime haki yao. Nikakirudisha nyumbani, nikakata majani ya uwani, siku ya pili nikajitia kukata chini ya minazi. Nusu saa, kikaanza kuishiwa nguvu, harufu ya kuungua, kikazima. Nilikaa juu ya kiti kile nikaona aibu hata kushuka.

Aliyenitoa ni mzee wa vespa. Wasomaji wa Unguja mnanielewa: wale wazee waliokesha na vespa tangu zamani, ambao siku hizi vijana wa bodaboda wanawapita bila salamu. Nilimfuata kwa sababu nilisikia injini hii inatumia platini na kondensa, vile vidude vya zamani vya kutoa cheche ya plagi, na nani mwingine mjini anashika platini siku hizi? Alikuja na kimfuko cha kitambaa. Hakugusa kitu robo saa, alitazama tu. Kisha akauliza: "Bati lake liko wapi?"

Bati gani?

Injini hii haina rejeta ya maji, inapozwa kwa upepo. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina mapanga ya feni, inapuliza upepo, na lile bati linaloifunika ndilo linaloupeleka upepo kwenye mapezi ya silinda, zile mbavu za chuma za kutolea joto. Wale wa gereji walilifungua na hawakulirudisha. Upepo ukawa unatawanyika, silinda inajipika. Na baina ya mapezi yenyewe nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo, vyumba kwa vyumba. Alivitoa kwa waya wa baskeli. Halafu akaona kiwaya chembamba kimeungwa kutoka betri mpaka kwenye injini, ndicho walichokiwashia wale wa gereji, akafuata njia yake, akakwangua rangi yangu nzuri kwa kisu pale chini kwenye chasisi, akafunga waya wa hasi mahala pake, akazungusha ufunguo. Stata ikaruka. "Haikuwa imekufa," akasema, akaendelea na kazi. Laki na themanini zangu.

Platini akaisugua kwa msasa laini, akaweka nafasi ya nusu milimita. Kabureta likafunguliwa, ndani petroli ya zamani imeganda kama asali. Bati tulilikata kwa fundi bati kutoka kwenye pipa. Si zuri, lakini upepo unakwenda unakotakiwa. Mzee alinitoza elfu arubaini na chai.

Sasa nyinyi mnaotaka. Safisha mapezi. Tazama oili kila unapotaka kuwasha, kila mara, hata kama uliitazama asubuhi, maana injini hii haina pampu ya oili: konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ina kijiko kinachochota oili chini na kuirusha juu. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa, na konrodi ikivunjika hutopata nyingine sokoni Darajani. Mie natia SAE 30. Usipande nacho mteremko mkali kwa sababu hiyo hiyo, oili inakimbilia upande mmoja. Na safisha mapezi, nimeshasema, nasema tena.

Vijana, acheni haraka. Tunaishi kisiwani, chumvi inakula kila kitu, na bado mtu anaacha chuma madhubuti kioze nyuma ya jiko kwa sababu hakina jina jipya. Halafu tunakopa kununua mashine ya plastiki ambayo masika ya pili haiioni. Mnawapita wazee wenye elimu mikononi mwao mnakwenda kuuliza simu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo najihesabu humo.

Leo kitrekta kinavuta tela la nazi, madumu ya maji, samadi. Shemeji amekuja juzi kukiazima abebe mawe ya msingi. Nilimuuliza mawe yenyewe kilo ngapi.

Wewe wa Wete: nenda, chomoa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kwenye tundu lake, muombe mwenyewe akuachie siku tatu, kisha jaribu kuizungusha flaiwili kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Ikisogea, mpe laki sita. Isiposogea, mpe mbili au urudi zako. Na picha utakayonitumia nataka ya chini ya bati la feni. Ya rangi usinitumie.