Printa ya picha: usinunue kwa kusoma boksi

Juzi kuna dada kaniandikia, anafungua steshenari, ana hela ya printa moja tu ya rangi na anataka picha zitoke kali. Nimesoma meseji yake roho ikaniuma, maana mimi nilianza hivyo hivyo.

Printa yangu ya kwanza nilinunua Kariakoo. Muuzaji kanionyesha boksini 5760 x 1440 dpi, yaani idadi ya vidoti vya wino kwenye kila inchi, akasema hapo umemaliza kila kitu, nikalipa. Haukupita muda bibi harusi mmoja akanipa kazi ya picha za A4 za ukumbini, nikaprinti usiku kucha. Asubuhi akaishika ya mama yake, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, akauliza mbona mama kawa wa kijani? Ukiangalia shavuni kwa karibu unaona vidoti vyekundu kama upele. Nilirudisha hela yote, na yule bibi harusi mpaka leo hajarudi dukani kwangu.

Ukijani ulikuwa kosa langu, nilijaza wino wa bei chee na kwenye setingi nikaacha karatasi ya kawaida wakati nimeweka ya glosi, ile ya picha inayong'aa. Ila vile vidoti ni printa yenyewe. Ilikuwa ya rangi nne, nyeusi, njano, sayani (bluu ya kijanikijani) na majenta (nyekundu ya zambarau), sasa ikifika sehemu ya ngozi yenye mwanga inarusha majenta iliyokolea kidoti kidoti kwenye karatasi nyeupe, jicho linaona. Zenye rangi sita zinaongeza sayani mpauko na majenta mpauko, shavu linajaa vizuri. Leo natumia Epson L805, rangi sita, na dpi yake ni ile ile 5760 x 1440! Sasa ile namba ilinisaidia nini?

Jamani tuache uvivu wa kuuliza, hela tunaitafuta kwa jasho halafu tunaitoa kwa maneno ya muuzaji. Kama kazi yako ni barua na fomu, rangi nne inatosha kabisa. Kama ni picha za watu, rangi sita, wino wake halisi, karatasi ya glosi, na setingi ifanane na karatasi. Na uprinti japo ukurasa mmoja wa rangi kila baada ya siku chache, wino ukikaukia kwenye hedi, ile sehemu inayorusha wino, utaanza kupata mistari.

Dada yangu, ukienda dukani beba flashi yenye picha ya sura ya mtu na karatasi yako ya glosi, waambie waprinti mbele yako, kisha itoe nje uangalie shavu. Wakikataa, toka nenda duka la pili.