Dada, hii ni tofauti ya malaria au ya sahani?

Mara ya kwanza kupewa saitokini kumi, protini za damu zinazopeleka ujumbe wa kinga, nipime kwa mkupuo, nilipanga sampuli za wagonjwa wa malaria kwenye sahani ya kwanza ya vipimo, za wasio na homa kwenye ya pili. Nadhifu kabisa. Majibu yakatoka ya kushangaza: karibu kila protini ilitofautiana! Mkuu wa maabara akatazama, akaniuliza taratibu, "Dada, hii ni tofauti ya malaria au ya sahani?"

Nikakosa la kusema. Sahani zilisomwa siku mbili tofauti, na hakukuwa na sampuli hata moja iliyopita kwenye zote mbili. Plazma, yaani majimaji ya damu isiyoganda, ilishakwisha. Siku hizi huchanganya makundi ndani ya kila sahani, na plazma ileile ya mchanganyiko huiweka kwenye kila moja. Ikipanda au kushuka, najua nianzie wapi kuuliza.

Mbinu yenyewe inavutia. Shanga ndogo mno za Luminex, teknolojia ya kupima protini nyingi kwa pamoja, zina rangi kwa ndani, na kila rangi hubeba kingamwili ya protini yake. Mashine hutambua shanga kwa rangi, kisha hupima mwanga unaoonyesha protini imenasa kiasi gani. Mikrolita 50 au pungufu zinatosha, jambo la heri ukiwa na damu ya mtoto mchanga.

Ila piga hesabu ya vishimo mapema. Sahani ina 96, lakini viwango saba vya kulinganishia (vyenye kiasi cha protini kinachojulikana) na kishimo kitupu, viwili viwili, vinakula 16. Weka sampuli mbili za udhibiti, vinne vingine. Unabaki na wagonjwa 38, kila mmoja vishimo viwili. Bajeti nyingi hufia hapo.

Usishawishike pia na orodha ndefu ya protini. CRP, protini ya uvimbe, huhesabiwa kwa miligramu katika lita; IL-6, mojawapo ya saitokini, kwa pikogramu katika mililita. Ukizimua damu mara maelfu ili CRP isomeke, IL-6 imeshapotea. Zipime mbali mbali.

Seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) na plazma usizichanganye: damu ikiganda, chembe sahani humwaga VEGF, protini ya kukuza mishipa ya damu, nawe utadhani ni ugonjwa. Gawa sampuli kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, usiyeyushe kichupa kilekile kila wiki.

Na shanga zitikise vizuri. Zikisomwa chini ya 50 za protini moja kwenye kishimo, namba hiyo siitumii, hata ipendeze vipi.