Nyaraka za Stalin zimefunguliwa, mbona wanahistoria bado wanapingana?

SWALI: Nyaraka nyingi za siri za Umoja wa Kisovieti zilifunguliwa baada ya 1991. Kwa nini basi wanahistoria hawajaafikiana kuhusu mauaji ya 1937 na 1938, chini ya Stalin, kiongozi wa nchi hiyo? Je, kuna upande unaopotosha?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limebeba maswali mawili: waliuawa watu wangapi, na kwa nini waliuawa. Kuhusu idadi, nyaraka zimesaidia sana. Awali watafiti kama Robert Conquest walitegemea zaidi masimulizi ya walionusurika au kukimbilia nje, na makadirio yakapishana mno. Leo kumbukumbu za polisi wa siri, NKVD, zinataja watu 681,692 waliopigwa risasi katika miaka hiyo miwili, na ubishi uliobaki unawahusu hasa wale ambao huenda hawakuorodheshwa.

Ugumu uko kwenye sababu. Amri Namba 00447 ya Julai 1937, iliyotiwa saini na Nikolai Yezhov, mkuu wa NKVD, iliipangia mikoa idadi ya watu wa kuuawa na wa kufungwa kambini. Baadaye viongozi wa mikoa waliomba idadi hiyo iongezwe, na Moscow ikaridhia. Mwanahistoria J. Arch Getty anaona katika maombi hayo hofu ya viongozi wenyewe, kwa kuwa katiba ya 1936 iliahidi uchaguzi wa kura ya siri ambao ungeweza kuwang'oa. Mwanahistoria mwenzake Oleg Khlevniuk, aliyezipekua nyaraka za wakati huohuo, anaona mkono wa Stalin, aliyetaka kuwamaliza aliowadhania kuwa wasaliti kabla vita havijazuka.

Hakuna anayepotosha hapo. Waraka huonyesha nani aliomba na nani aliidhinisha, lakini haulazimiki kueleza kama mwombaji alisukumwa na hofu yake au alikisia tu anachotaka mkubwa wake (na katika utawala wa namna ile, mambo hayo mawili hayatenganishwi kwa urahisi).

Binafsi naegemea kwa Khlevniuk, ingawa Getty ametuzuia tusiwachukulie viongozi wa mikoa kama vikaragosi tu. Kinachonielekeza huko ni namna mauaji hayo yalivyokoma: tarehe 17 Novemba 1938 Stalin na Molotov, mkuu wa serikali, walitia saini uamuzi mmoja uliozifuta kamati za watu watatu zilizokuwa zikitoa hukumu mikoani, na operesheni hizo za halaiki zikasimama.