Ulizia zamu kabla ya mshahara: kwa mnaoanza kazi kwenye makao ya wazee Australia

Ndugu zangu mnaomaliza Certificate III, kile cheti cha mafunzo ya kuhudumia watu, mimi nina miaka tisa ya kuhudumia wazee hapa Melbourne, kwenye nyumba tatu. Ya kwanza niliichukia. Ya tatu sina mpango wa kuondoka. Kazi ni ileile: kuogesha, kuvalisha, kulisha, kubadilisha pedi, kuandika ripoti. Tofauti ni dakika.

Kule kwa kwanza nilipewa wazee tisa wa kuwaandaa. Saa moja asubuhi naingia, saa mbili na nusu wote wawe mezani. Piga hesabu mwenyewe. Babu anataka kufunga vifungo vya shati lake, unamfungia wewe, kwa kuwa vidole vyake vitakula dakika nne. Usiku mgongo unauma, lakini kinachokunyima usingizi ni lile shati. Nyumbani wanatuita wabeba boksi na wanadhani tunalalamikia hela tu. Hela ilikuwa ndogo kweli, na nyongeza ya asilimia 15 iliyoanza 30 Juni 2023 ilitupa pumzi. Ila wenzangu wengi walioacha, waliacha kwa kuona aibu ya kazi waliyolazimika kuilipua.

Ripoti ya 2021 ya Tume ya Kifalme, tume ya uchunguzi kuhusu huduma za wazee, ilisema mengi kuhusu hilo, na serikali ikaweka dakika za huduma kisheria: wastani wa 200 kwa mzee kwa siku kuanzia Oktoba 2023, kisha 215 Oktoba 2024, zikiwemo 44 za nesi aliyesajiliwa. Msifurahi haraka. Huo ni wastani tu, wa mchana na usiku. Nyumba mbili zenye dakika sawa kwenye karatasi zinaweza kuwa mbalimbali kabisa, kutegemea nani anapangwa wapi.

Kosa langu la mwanzo, na najua mtalifanya, lilikuwa kukimbilia vibarua vya casual, yaani vya kuitwa bila zamu za kudumu, kwenye nyumba tatu nne, kwa sababu kila saa inalipa asilimia 25 zaidi. Kwa mwanafunzi mwenye ruhusa ya saa 48 tu kwa wiki mbili, inaonekana akili. Lakini kila siku unaogesha mtu usiyemjua, naye hakujui. Sasa nina zamu za kudumu, korido moja. Tulikuwa na bibi wa Kiitaliano aliyetupiga kila asubuhi bafuni. Siku moja binti yake akataja, katika maongezi tu, kwamba mama alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na alizoea kuoga usiku. Tukahamisha kuoga jioni. Vita havikuisha, ila vilipungua sana. Kibarua wa siku moja angelisikia wapi hilo?

Mengine kwa kifupi. Mashine ya kunyanyulia mzee inaendeshwa na wahudumu wawili, hata kama mwenzako amechelewa. Kumwita mzee wa miaka 90 kwa jina lake la kwanza kutakukwaza. Mimi bado moyoni nampa shikamoo yake kwanza. Muulize anapenda aitweje. Na mtatukanwa kwa rangi. Akiwa ni mwenye ugonjwa wa kusahau, hakikisha yuko salama, toka, mwache mwenzako aingie, rudi baadaye. Akiwa na akili timamu, au ni ndugu yake, andika ripoti siku hiyohiyo. Ukinyamaza mara tatu itakuwa desturi.

Kwenye usaili, uliza mambo mawili. Mtu akipiga simu kwamba anaumwa, nani anajaza nafasi yake? Na mzee akifariki, mwili unapita mlango gani? Kwenye nyumba ya kwanza ulipita nyuma, karibu na mapipa ya taka, na kesho yake kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Tulipo sasa unapita mlango wa mbele, nasi tunasimama pande mbili, hata wapishi wanatoka jikoni.