Redio mpya inawaka, spika kimya

SWALI: Shikamoo fundi. Nimefungiwa redio mpya kwenye Harrier yangu. Inawaka, Bluetooth inashika, ila spika hazitoi hata mkwaruzo. Ampu (kifaa cha kukuza sauti) na spika ni zilezile za gari. Naambiwa ampu imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Ampu ya gari haiamki yenyewe, inasubiri volti 12 kutoka kwenye redio. Angalia nyuma ya redio, kuna waya wa bluu wenye mstari mweupe. Nina hakika kwako umeachwa unaning'inia, ncha imezungushiwa solotepu. Uunganishwe na waya wa kuwashia ampu kwenye soketi ya gari. Usiuchanganye na wa bluu mtupu, ule kwa kawaida ni wa antena. Mimi niliwahi kushinda juani Majengo kutwa nzima na gari la mteja kwa sababu ya waya huohuo.

Sauti ikija inakwaruza, ujue nyaya za spika za redio zimeingizwa moja kwa moja kwenye ampu, na nguvu ya redio inaizidi ampu. Hapo tumia matundu ya RCA (yale ya duara ya kutolea sauti nyuma ya redio) na soketi ya kuunganishia inayofaa gari lako. Tafadhali, asikate mtu soketi ya gari!