Kabla hujamwambia mgeni "sorry"

Mwaka wangu wa kwanza wa kupandisha wageni Kilimanjaro, mama mmoja Mwingereza aliteleza tukikaribia kambi ya Horombo, mita 3,720, goti likachubuka. Nikamkimbilia: "Sorry, mama, sorry, sorry." Jioni mumewe akanifuata, akaniuliza taratibu kama nilijua njia ile inateleza. Kama sina kosa, mbona niliomba radhi mara tatu? Nikabaki mdomo wazi. Mimi nilikuwa nampa pole tu, kama ningempa yeyote aliyejikwaa sokoni Moshi.

Sisi tuna maneno mawili. Aliyekosa anasema samahani. Aliyemwona mwenzake kaumia anasema pole, hata kama alikuwa ng'ambo ya barabara. "Sorry" imebeba yote mawili, na Mwingereza akiisikia peke yake baada ya ajali, anasikia kosa kwanza. Si jambo dogo kwao: kule Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 ilibidi itamke kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

Kwa hiyo usiiache peke yake. Ni kivumishi, kinaeleza hali ya moyo wako, basi sema moyo umeumia kwa lipi: "I'm sorry you're hurt." Mimi siku hizi naanza na "Are you all right?", nikishaona damu imekoma ndipo nampa pole yake. Na usidhani kumwambia "pole" ya Kiswahili kutakuokoa. Tangu getini Marangu ameimbiwa "pole pole", kwake maana yake ni punguza mwendo. Nimewahi kumwambia "pole" mgeni aliyekaa juu ya jiwe anakanda kifundo cha mguu, akanijibu kwamba wala hatembei.

"Pole na kazi" na "pole na safari" usizitafsiri kabisa. Atajiuliza kazi gani imeharibika. Msibani ndiko "sorry" na pole zinakutana: "I'm so sorry for your loss" ni pole kamili. Ila "I feel sorry for you" iogope, mtu mzima anaweza kuisikia kama dharau. Ikitangulia nomino, kama "a sorry state", hapo hakuna radhi wala pole, ni hali mbaya ya kusikitisha.

Kilichonigusa zaidi ni asili ya neno "sorry". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", ndugu wa neno "sore", yaani penye maumivu. Lilianza kwenye kuumia, jirani kabisa na pole yetu.

Yule mama nilimweleza kesho yake asubuhi, kwenye chai. Siku ya kushuka, yule mama alimwambia kila mpagazi aliyetupita na mzigo kichwani, "Pole." Nao wakamjibu, "Asante, mama."