Hasali, lakini mama yako hana kidonda mgongoni

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, naishi Kinyerezi, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa 13 wa ndoa yetu, tulifunga Kilutheri, tuna watoto wawili wa miaka 11 na 8. Mume wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Mdogo wake alipofariki, miaka minne iliyopita, aliacha kwenda kanisani, na sasa anasema wazi kwamba hajui kama Mungu yupo. Mimi nilihamia huduma nyingine, nimepata faraja sana. Jumapili natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa tisa alasiri, na Ijumaa kuna mkesha. Yeye hubaki nyumbani na mama yangu aliyepata kiharusi. Mama wa maombi ameniambia mtu asiye na hofu ya Mungu hana kinachomzuia: leo hasali, kesho ataiba, keshokutwa atazini. Dalili nimeanza kuziona. Kuna binti wa jirani anakuja kwangu kila Jumapili nikiwa ibadani, na mume wangu anamlipa. Halafu ana kiburi. Mwezi wa pili ziliingia kimakosa shilingi 840,000 kwenye simu yake. Nikamwambia haya ni majibu ya maombi yangu, maana nina deni kidogo la kikoba. Akampigia mwenyewe akamrudishia zote. Sadaka hataki kunipa. Nafikiria kuchukua watoto niende kwetu Moshi kabla hawajaharibika. Je, mtu asiye na dini anaweza kulea watoto wakawa na maadili?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa shemeji yako aliyetangulia. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma mume wako anazidi kupanda machoni pangu.

Nianze na huyo binti. Umeandika anakuja Jumapili, umeandika analipwa, kisha ukanyamaza. Hukuandika anakuja kufanya nini. Sasa tuhesabu pamoja. Nyumbani kuna mama aliyepooza. Wewe hupo kwa saa tisa. Nani anamwogesha? Nani anambadilisha nguo akijisaidia? Mume wako ni mkwe wake. Kwetu Muheza mkwe hamvui mkwe wake nguo, hata awe mgonjwa vipi, na sidhani kama kwenu Moshi ni tofauti. Ninavyosoma mimi, binti yule anakuja kumwogesha mama yako, na mume wako anamlipa kwa jasho lake ili mkwewe astirike. Mtu unayemwita hana hofu ndiye anayelinda heshima ya mama yako wewe ukiwa hupo. Kamuulize binti mwenyewe, muulize na mama yake. Ikiwa nimekosea niandikie, nitakuomba radhi hapa hapa.

Kuna jambo jingine hukuliandika. Hukusema mama ana kidonda. Mimi nimeuguza. Mama yangu mzazi alilala kitandani miaka miwili baada ya kupooza upande wa kulia, na najua mwenye mgonjwa wa kiharusi akiandika barua, kidonda cha mgongo ndicho kitu cha kwanza kulalamikia. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Unamlaza ubavu huu, unaweka mto katikati ya magoti, unalinyoosha shuka mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo unachubua. Unaangalia visigino, nyonga, na pale juu ya makalio ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Uji humpi akiwa amelala. Unamwinua, unamwegemeza, unampa kijiko kidogo upande wa mdomo wenye nguvu, unangoja ameze, ndipo unampa kingine. Ukiharakisha unampalia, na uji ukiteremka mapafuni unaleta nimonia. Kikombe kimoja kinaweza kuchukua nusu saa. Kwa saa tisa za ibada yako ni kugeuza mara nne na kulisha mara mbili au tatu. Mama yako hana kidonda. Ngozi yake nzima hiyo, mwanangu, ndiyo jibu la swali lako, na kama lingenitosha ningeishia hapa.

Halafu ile 840,000. Nilipofika hapo nilivua miwani. Hela ya mtu imepotea njia, huenda ni ada ya mtoto, huenda ni ya kumtoa mgonjwa hospitali. Wewe ukasema ni majibu ya maombi. Yeye akatafuta namba akarudisha bila kubakiza senti, na hilo ukaniletea kama ushahidi wa kiburi chake. Mama wa maombi alikuambia asiyesali ndiye atakayeiba. Siku ile, ndani ya nyumba yenu, aliyetaka kula cha mtu alikuwa nani? Sikuulizi ili nikuaibishe. Nakuuliza kwa sababu una mtoto wa miaka 11, na mtoto wa miaka 11 hasikii mahubiri kama anavyosikia wazazi wakibishana kuhusu hela. Alisikia ulichosema, akaona baba yake alichofanya. Maadili unayoyatafuta alifundishwa siku hiyo, na si wewe uliyemfundisha.

Usinielewe vibaya. Mimi nasali. Nilibatizwa Magila, nitazikwa Kianglikana, na siku mume wangu alipofariki kilichonishika nisianguke ni zaburi na wanawake wa kanisani waliolala chini kwangu siku saba. Imani ni mkongojo mzuri, nani amkataze mwenzake kuushika? Lakini kwamba asiye na mkongojo hawezi kutembea, hilo dini zenyewe hazisemi. Fungua Warumi sura ya 2, mstari wa 14 na 15: Paulo anasema mataifa wasio na torati hutenda yaliyo ya torati, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Fungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, mstari wa 13: mke mwenye mume asiyeamini, na mume huyo akikubali kukaa naye, asimwache. Mama wa maombi hakukusomea huo? Na Timotheo wa Kwanza sura ya 5, mstari wa 8, unasema asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Usome polepole huo wa mwisho, ukikumbuka ni nani anayemgeuza mama yako.

Ukoo wetu sisi Wabondei nusu tunakwenda kanisani, nusu msikitini, na Idi na Krismasi tunakula sinia moja. Babu mzaa mama alikuwa Muislamu wa swala tano. Sura aliyoipenda kutusomea ilikuwa Al-Maun, ile fupi inayowataja wanaomsukuma yatima, na ikawapa ole wale wanaosali kwa kujionyesha huku wakiwanyima wenzao msaada mdogo wa nyumbani. Babu alikuwa akituambia hata jirani akija kuomba moto, swala yako inapimwa hapo jikoni.

Tuliosoma zamani tunakumbuka jambo jingine. Tulikuwa tunazikariri ahadi za mwana-TANU: Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, kila mtu anajua. Lakini ahadi zile zilisemwa na Mkristo, na Muislamu, na mzee anayetambikia mizimu ya kwao, na hakuna aliyeulizwa kwanza anasali wapi. Wazee wetu waliliita jambo hili utu. Mtu ni utu, walisema. Mwizi aliogopwa na kudharauliwa katika vijiji hivi kabla jahazi la kwanza na misheni ya kwanza kufika.

Na imani peke yake, bila utu wa kuisimamia, inaweza kupeleka watu pabaya. Mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Kulikuwa na watoto wengi mno. Wazazi waliowapeleka msituni hawakupungukiwa imani hata kidogo. Walikosa mtu wa kubaki nyumbani na kusema hapana, mtoto huyu ana njaa, mpeni chakula. Sisemi huduma yako ni Shakahola. Nasema mtu yeyote anayekuambia uwatenge watoto na baba yao kwa jina la Mungu, wakati baba hapigi, halewi, hatelekezi, mwogope mtu huyo kuliko unavyomwogopa mumeo.

Na hapa niseme na wote mnaonisoma, maana barua hii si ya Kinyerezi peke yake. Siku hizi msichana akileta mchumba, swali la kwanza ni anasali wapi. Kijana naye anatangaza anatafuta mke mcha Mungu. Tunatazama picha yake kwenye simu, kavaa suti, kashika Biblia, au kanzu nyeupe na tasbihi mkononi, tunasema tumepata. Mshenga wa zamani hakuishia hapo. Alikwenda kwa watu akalala siku mbili, akasikiliza. Aliuliza katika ukoo huu wagonjwa wanauguzwaje. Aliuliza kama wanalipa madeni, kama wanapiga wake, mjane wa kaka yao alibaki na shamba lake au alifukuzwa. Dini aliiuliza pia, lakini haikuwa peke yake kwenye kikapu. Leo napokea barua za wake wa wahubiri na wake wa maustadhi walioandika kwa kujificha bafuni, uso umevimba, na mume yuko sebuleni anaongoza maombi. Napokea na barua za wacha Mungu wa kweli, wanaume wanaosali na kuosha vyombo, Mungu awazidishie. Kipimo kimoja kinawahusu wote: mikono yao inafanya nini watu wakiondoka.

Nirudi kwako. Unasema mume wako aliacha kanisa mdogo wake alipofariki. Miaka minne. Umewahi kumuuliza kilitokea nini msibani? Waombolezaji wanasema mengi. Huenda mtu alisimama mbele yake akamwambia ni mapenzi ya Mungu, au vibaya zaidi, akamwambia marehemu angekuwa na imani angepona. Mtu aliyefukia mdogo wake halafu akaambiwa hivyo anaweza kutoka kanisani asirudi, na simlaumu. Jambo lake umelipeleka kwa mama wa maombi na, naogopa, kwenye vipaza sauti. Chumbani hukulipeleka. Nina neno moja kwake pia: asiwazuie watoto kusali wala asiwacheke wakipiga magoti. Ila hukuandika kwamba anafanya hivyo, na kama angekuwa anafanya, ungelianza nalo.

Kuhusu kwenda Moshi. Katiba yetu, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kubadilisha imani, na mumeo yumo humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja kubadili dini kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyaangalia, lakini kwa sharti kwamba sheria za imani mliyokuwa nayo wote ziwe zinavunja ndoa kwa sababu hiyo. Ndoa ya Kilutheri haivunjwi hivyo. Utaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, na hapo utaulizwa mumeo ana kosa gani. Utajibu nini? Kwamba alirudisha hela ya watu? Kuhusu watoto, mahakama inatazama ustawi wao kwanza, na mwenye saa tisa za Jumapili pamoja nao ni yeye.

Mwisho, hilo deni. Umeliita dogo, ukalipitia haraka, lakini 840,000 ilionekana kwako kama muujiza, kwa hiyo si dogo. Nadhani ulikopa kikoba ukapanda mbegu madhabahuni, ukiahidiwa itarudi mara mia, na sasa marejesho yamefika na mavuno hayajafika. Nadhani pia mumeo hajui, na hofu ya kugundulika ndiyo inayokufanya utafute kosa kwake kabla hajaliona lako. Mwambie wiki hii. Mwambie kiasi chote, usipunguze. Mwanaume aliyerudisha hela ya mtu asiyemjua hatakufukuza kwa deni.

Jumapili hii usiende. Mwache mumeo alale mpaka saa tatu. Mgeuze mama saa moja, saa tatu, saa tano na saa saba, umwinue, umpe uji kwa kijiko kidogo. Binti akija, mkaribishe, mfanye kazi pamoja, na umlipe wewe. Jioni watoto wakilala, kaa na mumeo umuulize habari za mdogo wake, halafu umsikilize bila kumjibu kwa mstari. Kisha niandikie tena, na safari hii uniandikie deni ni shilingi ngapi.